Huyu si mimi: historia fupi ya picha, kutoka vilima vya Kitui hadi simu yako

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi (wateja wana tabia ya kukumbuka mambo muhimu siku moja kabla ya kukabidhiwa programu yao), ila kuna jambo limenikaa kichwani tangu Desemba na leo nimeamua kuliandika.

Desemba nilikwenda Kilungu, Makueni, kumsalimia susu yangu. Kwa wasio Wakamba, susu ni nyanya. Nilikuwa na simu mpya na nilikuwa na hamu ya kuijaribu. Nikamketisha kwenye kigoda nje ya jiko, vilima vikiwa nyuma yake, nikapiga picha, nikampa aione. Akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akanirudishia.

"Ũũ ti nyie," akasema. Huyu si mimi.

Nikacheka, halafu nikaangalia vizuri nikaacha kucheka. Makunyanzi yote yalikuwa yametoweka. Susu yangu ni mweusi tititi, lakini simu ilikuwa imempaka rangi ya maji ya kunde. Na mimi sikuwa nimehariri kitu. Simu ilitoka dukani ikiwa na kipengele cha kurembesha sura, na kilikuwa tayari kimewashwa.

Susu akaingia ndani akatoka na picha yake ya zamani, ya rangi, aliyopigwa katika studio ya sokoni miaka ya 1980. Hiyo nayo ni vituko. Unaona kitambaa cheupe cha kichwa, unaona meno, unaona weupe wa macho. Uso wenyewe ni giza. Kwa hiyo mwanamke huyu amepigwa picha mbili katika maisha yake ambazo amezijali, moja ikamfanya kivuli na nyingine ikamchubua.

Mimi ni mtu wa tarakilishi, nimesomea hayo chuoni miaka minne, na programu ikikosea huwa naifuata nyuma hatua kwa hatua mpaka nipate mahali kosa lilipoanzia. Nilifanya hivyo kwa kosa hili. Nikajikuta mwaka 1849.

Mlima bila picha

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mkubwa wa Wakamba aliyekuwa akiongoza misafara ya kwenda pwani. Jina lenyewe ambalo leo ni la nchi yetu Krapf aliliandika jinsi alivyolisikia kwa Wakamba.

Ulaya hawakumwamini wote. London alikuwako mwanajiografia aitwaye William Desborough Cooley ambaye hajawahi kukanyaga huku, naye alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto. Wakati huo upigaji picha ulikuwa umeshatangazwa Paris miaka kumi nyuma, 1839, lakini Krapf alikuwa na maneno tu. Ilibidi wageni wengine waje wajionee, na mwaka 1899 Halford Mackinder akafika kileleni.

Wakamba walikuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi isiyo na ukungu. Ushahidi wao haukuhesabiwa. Weka hilo akilini, kwa sababu picha zilipofika Ukambani zilifika kama ushahidi, na walioushika ushahidi hawakuwa sisi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja waandishi wenye kamera. Charles Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1910. Msweden Gerhard Lindblom alikaa nasi kati ya 1911 na 1912 akaandika kitabu kinene ambacho hadi leo wasomi wanakitumia. Ni kazi za thamani. Lakini mara nyingi maelezo ya picha za enzi zile yalitaja kabila, si jina. Mtu alisimama mbele ya lenzi akiwa baba wa fulani, akatoka upande wa pili akiwa "Mkamba mzee".

Picha za 1937

Sasa tunafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike.

Mwaka 1937 ofisa aitwaye R. O. Barnes alizunguka Wilaya ya Machakos akipiga picha za ardhi. Machakos ya wakati huo ilikuwa kubwa, ilimeza Makueni yote. Makueni ilikuja kuwa wilaya yake 1992. Picha zake zilionyesha vilima vilivyokwanguka, makorongo, udongo mwekundu uliobaki wazi kama kidonda. Hazikuwa za uongo. Mmomonyoko ulikuwapo na ulikuwa mbaya.

Lakini picha ina kingo nne, na kilichobaki nje ya kingo hizo hakisemi. Haikuonekana kwamba mashamba ya walowezi na mipaka ya kikoloni ilikuwa imewabana Wakamba na mifugo yao katika eneo dogo. Serikali ilikuwa na jibu lake moja: ng'ombe wamezidi. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo kwa lazima, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikifunguliwa Athi River. Julai mwaka huohuo Wakamba kwa mamia na mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, yule mwenye barabara karibu na City Market. Alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma na unyang'anyi wa lazima ukakoma.

Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakiichunguza Machakos walizichukua picha za Barnes, wakatafuta mahali alipokuwa amesimama, wakapiga picha upya. Matokeo yalitoka mwaka 1994 katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930. Kwa hesabu ya wakoloni, vilima vilipaswa kuwa jangwa. Lakini picha mpya zilionyesha matuta, miti na mashamba. Mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Wasomi wengine wamekipinga kitabu hicho, wakisema si kila familia ilifaidika na si kila kona ya wilaya iliponyoka. Nakubali. Jozi mbili za picha nazo zina kingo nne kila moja. Ila matuta yale ni ya kweli. Mtindo wa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu umeingia katika vitabu vya kilimo duniani kwa jina la Kiswahili, "fanya juu", na umetoka hukuhuku kwetu. Susu yangu aliyachimba hayo matuta pamoja na wanawake wa mwethya wake, jembe mkononi, kabla jua halijawa kali.

Somo la kwanza basi: kuhariri picha hakukuanza na Photoshop ya mwaka 1990. Kulianza siku mtu wa kwanza alipochagua asimame wapi.

Mkasi wa Lamu

Muindi Mbingu ametupeleka Lamu, kwa hiyo tukae hapo kidogo, maana ndiko ninakoanza kuona picha za ubunifu zikitengenezwa na mtu wa hapahapa kwa ajili ya watu wa hapahapa.

Lamu alikuwako mpiga picha aitwaye Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, mwenye Bakor Studio. Alijifunza mwenyewe. Alikata picha kwa mkasi, akaunganisha vipande, akapiga picha ya muungano huo, na mteja akaondoka akiwa na sura yake ndani ya ua. Leo tungesema ametumia matabaka. Yeye alitumia gundi na subira.

Miaka ya 1990 huko Likoni, Mombasa, karibu na kivuko, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyopambwa kwa ndege na majengo marefu. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alipiga picha mbele ya ndege akaituma nyumbani. Kila mtu kijijini alijua ndege ile ni ya kuchorwa. Hakuna aliyehisi amedanganywa, kwa sababu mwenye picha ndiye aliyechagua ndege.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Mteja wa Bakor aliomba kuwekwa ndani ya ua. Susu yangu hakuomba kupakwa rangi ya maji ya kunde. Zote mbili ni picha zilizohaririwa, lakini moja ni ubunifu na nyingine ni dharau.

(Na kama mnataka kujua filta ya kwanza ya Ukambani, ni Jiwe la Nzambani kule Kitui. Wazee wanasema ukilizunguka mara saba unabadilika kutoka mwanamume hadi mwanamke, au kinyume. Mimi nimelizunguka mara mbili tu. Sikutaka kuhatarisha.)

Filamu iliyomjua Shirley

Kwa nini picha ya studio ya miaka ya 1980 ilimgeuza susu kuwa giza? Nilidhani mpiga picha alikuwa hajui kazi. Nilimwonea.

Filamu za rangi na mashine za kusafishia picha zilisawazishwa kwa kutumia kadi za mfano. Kampuni ya Kodak ilituma kwa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke sawa. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley, kutokana na mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Kama ngozi yako iko mbali na ya Shirley, shauri yako.

Inasemekana Kodak walianza kushughulikia rangi za kahawia kwa dhati baada ya malalamiko ya kampuni za chokoleti na samani, ambazo bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Soma tena sentensi hiyo polepole. Miaka ya 1980 filamu mpya ikatangazwa kwa kujisifu kwamba inaweza kumpiga picha farasi mweusi penye mwanga hafifu.

Kwa hiyo fundi wa studio ya sokoni, mwenye taa moja na filamu hiyo, alikuwa akishindana na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kamera yaingia mfukoni

Historia ya kamera ya simu ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Juni 1997, huko California, Philippe Kahn aliunganisha kamera, simu na tarakilishi ndogo hospitalini, akatuma picha ya binti yake aliyezaliwa siku hiyo. Novemba 2000 Sharp ikauza Japani simu ya J-SH04, yenye kamera ya pikseli 110,000 hivi. Mwaka 2002 ikaja Nokia 7650 ya pikseli 640 kwa 480.

Kwetu zilifika polepole. Nikiwa shule ya msingi mwalimu wetu mmoja alikuwa na Nokia yenye kamera, na tulipanga foleni kupigwa picha ambazo hatukupewa kamwe. Baadaye zikaja simu za bei nafuu zenye laini mbili, redio na kamera ya ukungu. Nyingi zilikuwa bandia na zikazimwa na serikali kuanzia mwisho wa Septemba 2012.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza, mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaanza kuwa nafuu. La pili, mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei Ideos, simu ya Android iliyokuwa karibu shilingi 8,000. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 3 tu, lakini ndani yake ungeweza kuweka programu. Instagram ilikuwa imeanza Oktoba 2010. Snapseed ilitoka 2011, Google wakainunua mwaka uliofuata. Ghafla kijana wa Wote au wa Mwingi alikuwa na kamera, chumba cha giza na kibanda cha Likoni katika mfuko mmoja wa suruali.

Kampuni ya Tecno iliona pengo la Shirley ikaligeuza biashara, ikarekebisha kamera zake kwa ngozi nyeusi. Google walifanya hivyo kwa sauti kubwa mwaka 2021 walipotoa Pixel 6, na mwaka 2022 wakatangaza kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Ni hatua nzuri. Lakini angalia bado nani anayeamua.

Kinachotokea ukibonyeza

Hapa nitakuwa mwanaprogramu kidogo, vumilia.

Sensa ya simu haioni rangi. Inahesabu mwanga tu. Juu yake kuna vichujio vidogo vilivyopangwa kwa mtindo ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kwa kamera ya megapikseli 12 maana yake ni milioni 6 za kijani, milioni 3 za nyekundu na milioni 3 za buluu. Kila pikseli inajua rangi moja, zile mbili nyingine programu inazikisia kwa kuangalia majirani. Theluthi mbili ya rangi kwenye picha yako ni makisio ya hesabu.

Kisha programu inakisia rangi ya mwanga. Njia rahisi kabisa ni kudhani kwamba vitu vyote kwenye picha vikichanganywa vinatoa kijivu. Sasa simama kwenye barabara ya udongo mwekundu Kitui. Robo tatu ya picha ni nyekundu. Programu ya aina hiyo itadhani jua limekuwa jekundu, iongeze buluu, na udongo wetu utatoka kama simenti. Halafu inakisia kiasi cha mwanga. Uso mweusi mbele ya anga jeupe la saa saba mchana? Anga ndilo kubwa, anga linashinda, uso unakuwa kivuli. Ni ile picha ya studio ya susu, imerudi.

Mwishoni ndipo inakuja ile hatua ya kurembesha. Inatafuta uso, inalainisha, inang'arisha. Mtu fulani, mahali fulani, aliandika thamani ya kwanza ya kipengele hicho, na hakuiandika sifuri. Hilo tu. Nimeandika thamani za kwanza mara nyingi kazini, saa nne usiku, nikitaka kwenda kulala. Sasa huwa nafikiria mara mbili.

Kurudi Kilungu

Siku ya pili nilimwomba susu anipe nafasi nyingine. Nitaeleza nilichofanya, ujaribu nawe.

Nilizima kurembesha kwanza, kisha kipengele cha kuchagua mandhari chenyewe. Sikupiga saa saba. Nilisubiri saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande. Nilimuuliza anataka kusimama wapi, jambo ambalo siku ya kwanza sikulifikiria. Akanipeleka shambani, kwenye ukingo wa tuta.

Niligusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo, nikashikilia kidole mpaka kipimo kikafungwa, kisha nikakishusha kidogo. Watu wengi wanadhani ngozi nyeusi inahitaji kung'arishwa. Inachohitaji ni mwanga wa upande unaoonyesha umbo, na mara nyingi ukipunguza kidogo ndipo unapoona rangi yake halisi. Sikukuza kwa vidole. Nilisogea kwa miguu.

Kwenye Snapseed nilifanya mambo matatu tu. Nilirekebisha uwiano wa rangi kwa kulinganisha na udongo wenyewe niliouweka mezani kando ya simu. Nilitumia kile kifaa cha kugusa sehemu moja kuinua mwanga wa macho yake kidogo. Nikakata anga, nikaacha matuta. Ndiyo, nilichagua kingo nne, kama Barnes. Ila niliichagua pamoja na mwenye picha, na faili ya awali nimeihifadhi bila kuigusa ili mtu mwingine akitaka kunihukumu awe na ushahidi.

Nikaichapisha Wote kwenye karatasi, maana simu huibwa na susu hana haja ya skrini. Nyuma nikaandika jina lake kamili, mahali na tarehe.

Aliitazama muda mrefu. Hakusema ni nzuri. Alionyesha kwa kidole tuta lililokuwa nyuma yake kwenye picha, akaniambia lile la tatu kutoka juu ndilo gumu zaidi, lilikuwa na mawe, liliwachukua msimu mzima.

Kisha akaiweka ndani ya Biblia pamoja na ile ya zamani.

Haya, nimalizie hapa, kazi inaniita. Wiki hii fungua mipangilio ya kamera yako utafute kile kipengele cha kurembesha. Uone kimewekwa ngapi.